Kalenda ya timu na daftari la kazi: Tarehe zisiposomana, mwenye kampuni hulipa

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka ifikapo wiki ya mwisho ya Juni, biashara ya programu za kompyuta katika Afrika Mashariki huwa na pilikapilika ambazo mtu wa nje hazioni. Madukani bei hubandikwa upya kwa kalamu. Katika kampuni zinazotengeneza programu za mauzo, za mishahara, za stoo na za malipo kwa simu, kazi ni ile ile ila hufanyika ndani ya mashine. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai mosi Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na kila kiwango kilichoguswa na bajeti lazima kiwe kimebadilishwa kabla mteja wa kwanza hajalipa.

Kazi hiyo huandikwa mahali pawili. Kwanza ni kwenye kalenda ya timu, ambako meneja ameweka tarehe ya toleo jipya, vikao, likizo na sikukuu. Pili ni kwenye daftari la kazi, yaani ule mfumo ambamo watengenezaji huandika nani anafanya nini na amefikia wapi. Wengi hutumia GitHub, GitLab au Jira kwa shughuli hiyo. Tatizo ni kwamba vitabu hivi viwili mara nyingi hujazwa na watu tofauti, kwa siku tofauti, na hakuna anayevilinganisha mpaka mambo yaharibike. Kalenda inasema toleo ni Jumatatu. Daftari linasema kazi tatu bado ziko mezani. Vyote viwili viko sahihi kwa mwandishi wake.

Dawa inayouzwa sokoni kwa sasa ni kuviunganisha vitabu hivyo ili visomane vyenyewe bila mtu kunakili. Ni dawa nzuri na bei yake ni ndogo. Hata hivyo, wengi wanaoinunua wanaunganisha upande mmoja tu, tena ule wenye faida ndogo.

Ili kuona ukubwa wa jambo lenyewe, chukua tozo ya miamala ya simu nchini Tanzania. Ilianza kukatwa Julai 15, 2021, ikiwa kati ya Sh. 10 na Sh. 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi kinachotumwa. Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi Sh. 4,000, na kuanzia Oktoba 1, 2022 baadhi ya miamala, ikiwemo ya kuhamisha fedha kutoka benki moja kwenda nyingine, ikatolewa katika tozo hiyo. Hizo ni tarehe nne katika muda usiotimia miezi 15. Kwa Wizara ni tangazo. Kwa kampuni ya programu kila moja ni majedwali ya kubadili, majaribio ya kufanya na toleo la kupeleka kwa wateja, na hakuna ruhusa ya kuchelewa hata siku moja.

Kenya nako kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 1, 2020, kisha ikarudi 16 Januari 1, 2021. Tarehe hiyo ya pili ni sikukuu. Mtu aliyekuwa na jukumu la kubonyeza kitufe usiku ule alikuwa na kila sababu ya kuwa kijijini na wazazi wake.

Hesabu ya saa zinazopotea

Kabla ya kuzungumzia ajali, kuna hasara ya kila siku isiyoonekana kwenye vitabu. Tuchukue timu ya watu 8. Kila mmoja akitumia dakika 15 kwa siku kuuliza toleo ni lini, nani yuko likizo, kikao kimehamia saa ngapi na kazi fulani imeisha au la, hizo ni dakika 120 kwa siku. Kwa wiki ya siku tano zinakuwa saa 10. Bei ya saa moja ya mtengenezaji programu mwajiri anaijua; azidishe mwenyewe. Wala hapo hatujagusa gharama ya kukatishwa, kwani mtu aliyezama katika msimbo akiulizwa swali la dakika moja harudi alipokuwa kwa dakika moja.

Uwezekano wa kuondoa maswali hayo si mgeni. Mwaka 1996 kundi lililoitwa Versit, likiwa na kampuni za Apple, AT&T, IBM na Siemens, lilitoa muundo wa vCalendar ili kalenda za mashine tofauti ziweze kusomana. Mwaka 1998 ukafuata muundo wa iCalendar, ambao ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2009 na ndio unaotumika hadi leo. Faili linaloishia na .ics ambalo msomaji huletewa pamoja na mwaliko wa kikao ndilo hilo. Ni maandishi matupu: jina la tukio, mwanzo, mwisho, mahali, na namba ya utambulisho. Google Calendar ilipokuja mwaka 2006 ilikuta muundo huo uko tayari. Kwa hiyo mtu akimwambia mwenye kampuni kwamba kuisomesha kalenda kwa mashine kunahitaji mradi wa miezi sita, aulizwe maswali zaidi.

Kalenda kuiamuru kazi

Upande wa kwanza wa kuunganisha, ambao ndio maarufu, ni kuifanya kalenda iamuru kazi. Hapa faida kubwa ipo kwenye kile ambacho wenyewe huita kipindi cha zuio, yaani siku ambazo hairuhusiwi kupeleka toleo jipya kwa wateja. Mwisho wa mwezi wakati wa kulipa mishahara, wiki ya Krismasi, tarehe 20 ambayo wafanyabiashara wa Tanzania na Kenya huwasilisha ritani za VAT: hizo ni siku za kuacha mashine zitulie.

Kwa desturi, zuio hutangazwa kwa barua pepe, nusu ya timu huisoma. Linapounganishwa na kalenda, programu ndogo huisoma kalenda kila baada ya muda na ikikuta tukio lenye alama iliyokubaliwa, tuseme neno ZUIO mwanzoni mwa jina, hufunga njia ya kupeleka matoleo. Mtengenezaji anayejaribu kupeleka toleo Ijumaa jioni hukuta mlango umefungwa, na sababu imeandikwa. GitLab ina nafasi maalumu ya kuweka vipindi hivyo ndani yake. Walio kwenye GitHub huweka hatua ya ukaguzi kabla ya toleo.

Yapo maamuzi mawili ambayo hayapaswi kuachiwa fundi peke yake. La kwanza ni nini kifanyike kalenda isipopatikana, mathalani mtandao umekatika. Mlango ufunguke au ufungwe? Kwa programu inayoshika fedha za watu, maoni ya ukurasa huu ni kwamba ufungwe. La pili ni nani mwenye ufunguo wa dharura, kwa sababu siku ya zuio ndiyo siku ambayo kasoro hatari hupenda kujitokeza, na dawa yake lazima ipite. Jina liandikwe, na kila ufunguo unapotumika ibaki kumbukumbu.

Aidha, wanaotumia Google Calendar wafahamu jinsi inavyotoa taarifa za papo kwa papo. Mfumo wake hubisha hodi kwenye seva ya kampuni kila kalenda inapobadilika, lakini haumwambii mwenye nyumba ni kitu gani kimebadilika. Ni lazima aende mwenyewe kuuliza. Mbaya zaidi, mpango huo wa kubishiwa hodi una muda wa kwisha na lazima uombwe upya. Fundi asiyelijua hilo huona kila kitu kinafanya kazi siku ya maonyesho kwa meneja, kisha siku kadhaa baadaye kimya kinatawala bila kosa lolote kuonekana.

Saa tatu ni saa ngapi?

Kuna jambo linalowaumiza zaidi watu wa ukanda huu kuliko wenzao wa London, nalo ni saa. Mashine nyingi za kuendesha kazi kwa ratiba kwa kawaida husoma saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Ratiba iliyoandikwa 00:00 ya Julai 1 kwa saa hiyo huamka hapa kwetu saa tisa usiku. Maana yake, saa tatu za kwanza za mwaka wa fedha zinapita wateja wakikatwa kiwango cha zamani. Kwa duka lililofungwa usiku si kitu. Kwa kampuni ya malipo ya simu, kituo cha mafuta cha barabara kuu au mfumo wa tiketi za mabasi ya alfajiri, ni miamala mingi ambayo kesho yake mhasibu atatakiwa kuisahihisha mmoja mmoja. Saa sahihi ya kuandika ni 21:00 ya Juni 30.

Tanzania, Kenya na Uganda zina saa moja. Katika orodha ya saa za dunia ambayo kompyuta nyingi huitegemea, Dar es Salaam na Kampala zimeelekezwa kwenye kumbukumbu ya Nairobi. Lakini Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ziko saa moja nyuma. Kampuni ya Dar es Salaam yenye wateja Rwanda ikigeuza viwango vyote kwa mpigo mmoja usiku wa manane wa Dar, Kigali bado ni Juni 30, saa tano usiku. Hapo yanatakiwa matukio mawili kwenye kalenda, si moja.

Halafu kuna saa ya Kiswahili. Bosi akisema kwenye simu "toleo liende saa tatu asubuhi", kalenda itaandikwa 09:00 na ratiba ya mashine itaandikwa 06:00. Ni saa moja yenye majina matatu, na mtu aliyelelewa katika lugha hii huyabadili kichwani bila kufikiri, mpaka siku anapokuwa amechoka na kuandika 03:00. Timu ambazo zimekwishaumia huandika saa kwa tarakimu na kutaja ni saa ya wapi, hata kwenye ujumbe wa simu.

Wanaofanyia kazi wateja wa Marekani na Ulaya wana nyongeza ya mzigo, kwa kuwa sisi hatubadili saa na wao hubadili, tena si siku moja. Mwaka 2025 Marekani ilisogeza saa Machi 9 na Uingereza ikasogeza Machi 30. Kikao kilichowekwa kwa saa tatu asubuhi ya New York kilihama Nairobi kutoka saa kumi na moja jioni kwenda saa kumi, wakati cha mteja wa London kilibaki palepale kwa wiki tatu zaidi. Kalenda ikiwa imeandikwa kwa jina la mji, hujirekebisha yenyewe. Ratiba ya toleo iliyoandikwa kwa mkono kando yake haijirekebishi, na hapo ndipo toleo huenda wakati kikao cha kuliidhinisha bado hakijakaa.

Jingine dogo: katika iCalendar, tukio la siku nzima huandikwa mwisho wake kuwa siku inayofuata. Likizo ya Jumatatu hadi Ijumaa huandikwa kuwa inaishia Jumamosi. Programu isiyolijua hilo humnyima mtu kazi siku aliyorudi, au hufunga matoleo siku moja zaidi.

Kazi kuisemesha kalenda

Sasa tuje kwenye upande wa pili, ambao wengi huuacha. Daftari la kazi nalo linapaswa kuiambia kalenda ukweli. Tarehe ya toleo ikiwa siku tano mbele na bado kuna kazi ambazo hazijafungwa, kalenda ambayo mkurugenzi na mtu wa mauzo wanaiangalia kila asubuhi inapaswa kubadilika yenyewe na kuonyesha hivyo. Si barua pepe nyingine. Ni jina lenyewe la tukio kugeuka na kusomeka kwamba halijawa tayari, zimebaki kazi ngapi, mikononi mwa nani.

Hii ndiyo sehemu inayogusa mfuko. Kalenda peke yake ni ahadi. Mtu wa mauzo huiuza ahadi hiyo kwa mteja, mteja huwatangazia wateja wake, na kila aliyeisikia anaiongezea uzito, huku waliokaa na kazi yenyewe wakijua tangu wiki iliyopita kwamba haiwezekani.

Mfano mkubwa wa kilichotokea kwa mtindo huo ni benki ya TSB ya Uingereza. Benki hiyo, yenye wateja wapatao milioni 5.2, ilikuwa ikihama kutoka mfumo wa kompyuta wa mmiliki wake wa zamani, Lloyds, kwenda mfumo mpya uliojengwa na kampuni ya mmiliki wake mpya wakati huo, Sabadell ya Hispania. Tarehe ya kwanza ilikuwa Novemba 2017. Ilipoonekana haifikiki, ikatangazwa kwamba uhamisho ungefanyika robo ya kwanza ya 2018, na tangazo hilo likatoka kabla kazi ya kupanga upya haijakamilika. Uhamisho ukafanyika Aprili 2018. Wateja hadi milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuingia kwenye akaunti zao. Gharama ya kusafisha mambo ilifika pauni milioni 330, wateja 80,000 wakahamia benki nyingine, na Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki wa Uingereza waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Uchunguzi uliofanywa na mawakili wa Slaughter and May, uliotolewa Novemba 2019, ulikosoa jinsi mpango ulivyoanzia kwenye tarehe ya mwisho na kurudi nyuma, badala ya kuanzia kwenye kazi iliyopo.

Hakuna anayesema kwamba programu ndogo ya kuunganisha kalenda ingeiokoa TSB. Benki ile ilikuwa na mameneja wa miradi wa kutosha. Lakini ugonjwa ni ule ule unaoonekana katika kampuni ya watu 8 hapa Kariakoo au Westlands: tarehe husafiri kwenda chini kwa watengenezaji kwa kasi, na habari za kazi husafiri kwenda juu kwa kujikongoja, zikipambwa kila zinapopanda ngazi. Mashine haina haya ya kumwambia mkurugenzi kwamba kazi tisa kati ya 14 bado.

Kwa fundi, shughuli yenyewe si ngumu. GitHub huruhusu kundi la kazi kupewa tarehe ya mwisho; Jira huweka tarehe ya kila toleo. Programu huzisoma hizo na kuziandika kwenye kalenda. Kinachowatatiza wanaoanza ni kusahau ile namba ya utambulisho ya tukio. Tarehe ikibadilika mara tatu bila kutumia namba ile ile, kalenda hujaa matoleo matatu ya kitu kimoja, na kabla ya mwezi kwisha hakuna anayeiamini. Kalenda isiyoaminiwa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Hapo ndipo pia panapoingia suala la kelele. Agosti 1, 2012, kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital ya Marekani iliingia sokoni na programu mpya, kwa sababu siku hiyo Soko la Hisa la New York lilikuwa likianza utaratibu mpya wa biashara. Tarehe ilikuwa ya soko, haikuwa ya Knight. Programu mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ilisahauliwa, na hakuna mtu wa pili aliyehakiki. Kabla soko halijafunguliwa asubuhi hiyo, mfumo wa ndani ulituma barua pepe 97 kwa kundi la wafanyakazi zikitaja kosa. Hazikuwa zimepangwa kuwa tahadhari, na hazikufanyiwa kazi. Katika muda wa dakika 45 kampuni ilipata hasara iliyozidi dola milioni 460, na mwaka uliofuata ikaungana na kampuni ya Getco.

Barua 97 kwa kundi zima ni sawa na kutompelekea yeyote. Anayeunganisha kalenda na kazi kisha akaacha kila badiliko limpigie kila mtu simu mfukoni, ananunua kitu hicho hicho kwa rejareja. Taarifa moja, kwa mtu mmoja mwenye zamu, ambaye jina lake liko kwenye kalenda ya siku hiyo: inatosha.

Tarehe zisizo na mwenyewe

Yote yaliyoelezwa hadi hapa yanachukulia kwamba tarehe ikishaandikwa ni tarehe. Katika masoko yetu si hivyo. Juni 30, 2023, siku moja kabla ya kuanza kutumika kwa vifungu vyake vingi, Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha utekelezaji wa Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Julai 28 Mahakama ya Rufani ikaondoa zuio hilo. Mwaka uliofuata Rais William Ruto alitangaza Juni 26 kwamba hatausaini kabisa Muswada wa Fedha wa 2024. Kampuni iliyokuwa na mashine ya kugeuza viwango yenyewe usiku wa Juni 30 bila mtu wa kuizuia ilikuwa imekaa juu ya moto.

Sikukuu nazo zina mambo yake. Idi hutegemea kuandama kwa mwezi, na hapa kwetu uhakika hupatikana usiku wa kuamkia. Kalenda za simu huiandika miezi mingi kabla kana kwamba ni Desemba 25. Zipo pia siku zinazotangazwa kuwa za mapumziko kwa muda mfupi: Tanzania ilipumzika Agosti 23, 2022 kwa ajili ya Sensa, na Kenya ilipumzika Novemba 13, 2023 kupanda miti, tangazo likiwa limetoka wiki moja tu kabla.

Muundo wa iCalendar una nafasi ya jambo hili ingawa wachache huitumia: kila tukio laweza kuandikwa kuwa la makadirio, lililothibitishwa au lililofutwa. Utaratibu wa busara ni mashine kutii lililothibitishwa tu, na kuwe na mtu mmoja, kwa jina, mwenye mamlaka ya kulithibitisha. Kwa tarehe za kodi mtu huyo afadhali awe mhasibu kuliko fundi, maana ndiye anayesoma Gazeti la Serikali.

Kuna njia bora zaidi ambayo mafundi wazuri huipendelea. Viwango visiwe ndani ya msimbo kabisa. Viwe kwenye jedwali, kila kimoja na safu ya "kuanzia tarehe". Programu yenyewe hulinganisha tarehe ya muamala na jedwali. Hapo usiku wa Julai mosi hakuna toleo la kupeleka, na kazi ya kalenda hubaki kukagua mapema, tuseme Juni 25, kama mstari mpya umeshaingizwa na kuhakikiwa, na kupiga kelele kama haujaingizwa. Mahakama ikisimamisha sheria, mhasibu hufuta mstari mmoja.

Bei yake

Kwa upande wa gharama, vifaa karibu vyote vimo mkononi. GitHub, kwa mpango wake wa bure, hutoa dakika 2,000 za mashine kwa mwezi kwa kazi zisizo za wazi. Kila mzunguko huhesabiwa walau dakika moja. Anayeamua kuisoma kalenda kila baada ya dakika tano atatumia dakika 8,640 kwa mwezi wa siku 30, na ziada atailipia kwa dola. Akiisoma kila nusu saa atatumia 1,440 na kubaki na chenji. Kwa kalenda ya likizo na zuio, nusu saa inatosha kabisa. Ajue pia kwamba ratiba hizo zinaweza kuchelewa mashine zikizidiwa, hasa mwanzoni mwa kila saa, kwa hiyo ni afadhali kuandika dakika ya 17 kuliko dakika ya 0. Shughuli ya sekunde kamili isitegemee njia hii.

Asiyetaka kulipa chochote atumie cron kwenye seva anayoimiliki. Programu hiyo imo kwenye mashine za aina ya Unix tangu miaka ya 1970, na haina bili. Bili yake ni umeme na mtu wa kuiangalia.

Kalenda ya timu iwe peke yake, isichanganywe na za watu binafsi. Kiungo cha siri cha .ics humwonyesha yeyote aliyenacho kila kitu kilichomo, na watu huandika humo siku za kliniki, kesi na misiba. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

Kwa mnunuzi wa programu, yaani mwenye duka kubwa, hospitali, shule au kampuni ya mabasi anayelipia huduma kwa mwezi, si lazima ayajue haya ya ndani. Yapo maswali matatu anayoweza kumwuliza muuzaji kabla ya kusaini mkataba, na majibu yaandikwe ndani yake. Kiwango cha kodi kikibadilika, programu itageuka saa ngapi, na ni saa ya wapi? Nani, kwa cheo, ndiye anayethibitisha tarehe hiyo, na anapatikana kwa simu gani usiku? Na tangazo likifutwa siku moja kabla, kurudisha kiwango cha zamani kutachukua muda gani, na nani atalipia miamala iliyokatwa kimakosa?